Kekeo wa Kiangazi

Chumba cha Kusikilizia,
Kituo cha Msitu.
Jumatatu, 8 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu Pengo,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, popote ulipo. Hujambo? Yale mafua uliyotuandikia yameisha, au bado unapiga chafya? Sisi hatujambo. Goti la Mama limepoa, sasa anapanda ngazi bila kumlaumu mtu. Shemeji yako mzima, na mpwa wako meno mawili ya mbele yameng'oka, kwa hiyo tunamwita Pengo Mdogo.

Barua yako ya mwisho tuliikuta chini ya mlango. Mama aliinusa kabla ya kuifungua, ndiyo kawaida yake, akasema haina harufu ya safari. Nikamcheka. Baadaye niliitazama bahasha vizuri: stempu ipo, muhuri wa posta haupo. Nikajiambia watu wa posta nao huchoka.

Kazi yangu unaijua. Vinasa sauti kumi na viwili vimefungwa kwenye miti, vinasikiliza tangu alfajiri hadi jua linapozama, nami nakaa hapa na hedifoni mpaka masikio yanawaka moto, naandika nani kalia wapi na mwezi gani. Vyura wakianza, naandika. Hondohondo wakihama, naandika. Hivyo ndivyo tunavyojua msitu umeingia msimu gani bila kumsumbua mnyama yeyote.

Sasa sikia kituko. Wiki iliyopita kinasa sauti namba saba, kule bondeni, kilileta mlio wa kekeo. Kekeo, yule ndege mtangazaji wa mvua, mwezi wa tisa, wakati hapa majani yanavunjika ukiyagusa tu! Mtafiti wetu aliruka kitini. "Dada, misimu imegeuka!" akasema, akaanza kuandika ripoti papo hapo. Anaipeleka Ijumaa, anangoja sahihi yangu tu.

Mimi machale yalinicheza. Kwanza nilimshuku fundi wetu wa vinasa sauti, kwamba kachanganya kadi za kurekodia za mwaka jana na za mwaka huu, maana yule bwana huweka kadi na karanga mfuko mmoja. Akanuna. "Kadi zangu ziko sawa. Labda masikio yako ndiyo yamechoka." Siku mbili hatukusalimiana. Kisha nikamshuku mtafiti mwenyewe, kwa jinsi anavyoililia habari kubwa. Nilimwangalia kila mtu kwa jicho la pembeni, hata mama anayetuletea chai, maskini, ambaye hajui kekeo wala kunguru.

Jana nikasikiliza tena, polepole. Kekeo ana milio mitatu inayoshuka. Huyu ana minne. Mitatu safi, halafu wa nne unavuja hewa.

Nilivua hedifoni nikaziweka mezani. Unakumbuka Baba alivyokuwa akituita kula kwa mluzi wa kekeo? Sote tuliupata isipokuwa wewe. Hewa ilikuponyoka penye pengo ikatoa mlio wa nne, na Baba, Mungu amrehemu, alicheka mpaka machozi, akasema kekeo wake mmoja ametoka na kasoro. Sijapata kumsikia mtu mwingine akikosea hivyo.

Nikaendelea kusikiliza. Baada ya mluzi, kimya kidogo, halafu msumeno. Dakika arobaini nzima. Kisha mluzi tena, msumeno unanyamaza ghafla, na mara gari la doria linasikika likipita.

Ndipo nikazitoa barua zako zote sandukuni. Mwezi wa tano uliniuliza doria hupita bondeni siku gani. Mwezi wa saba ukauliza tena, eti unanihofia nikitembea huko peke yangu. Nami, mjinga wa mwisho, nikakujibu siku na saa, nikakushukuru kwa kunijali. Hukuniuliza tu vinasa sauti viko wapi. Namba saba tulikihamishia bondeni mwezi uliopita.

Huenda nakusingizia. Natamani sana niwe nakusingizia. Mama hajui lolote. Anakufumia sweta kwa baridi ya huko ulikosema uko, na jana aliniomba nimnyooshee mkono apimie urefu. Nilishindwa kumtazama usoni.

Ijumaa sitatia sahihi kwenye kekeo. Nitaandika nilichosikia: mluzi wa mtu, na msumeno. Jina hawataniuliza, maana hapa kituoni hakuna mwingine anayejua habari ya mlio wa nne. Lakini Jumamosi walinzi wataingia bondeni. Siwezi kuwazuia, wala sitaki. Naumia, lakini sitaki.

Barua hii nimeiandika mara mbili. Moja naitia posta kwa anwani yako. Ya pili naifunga ndani ya nailoni, naibana kwenye mti bondeni. Kama unasoma ile ya kwanza, umekaa mezani kwako, nicheke kisha nisamehe. Kama unasoma hii ya pili, inua kichwa. Hicho kijisanduku cha kijani hapo juu ni sikio langu. Usipige mluzi. Njoo nyumbani kwa miguu yako kabla ya Ijumaa, mlango wa uani sitaufunga.

Mama anakusalimu, na shemeji yako pia. Pengo Mdogo anajifunza mluzi wa babu yake, anamngoja mjomba amwonyeshe. Mola akufunike, akurudishe ukiwa mzima.

Wako akupendaye, na anayekusikia,
Dada yako.