Aliyesoma Sura Zote

Jumatano, Tabata

Hata kusali nimeona haya. Mie katibu wa jumuiya ndiye niliyeanzisha mpango: kila siku sura moja ya Biblia, ukimaliza unaandika "nimesoma" kwenye grupu. Wote tunaandika. Mie wiki nzima sijaifungua.

Leo jioni kwenye mkutano wa jumuiya nikauliza, Yona alimkasirikia nani? Watu wakainamia simu. Akajibu Bibi Anastazia, ambaye hajui kusoma wala hayumo kwenye grupu:

"Mungu. Kwa kuwasamehe watu wa Ninawi."

"Bibi, nani anakusomea?"

"Jirani yangu, Bi Zuhura. Akishaswali alfajiri anakuja. Hajaruka hata siku moja."

Muislamu!

"Jumatano ijayo nakuja naye. Ana maswali."

Nikasema karibuni sana. Sasa naisoma Biblia kwa kumwogopa Bi Zuhura. Mungu anisamehe, Yeye sijawahi kumwogopa kiasi hiki.