Matonge ya Lidia Yasihesabiwe

Shamba la mkonge, karibu na Muheza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama, kamwene. Miguu inaendeleaje sasa baridi imeingia huko Kitandililo? Na yule mbuzi aliyevunjika pembe, amepona? Mimi mwanao ni mzima, ila joto la huku linanipika kuliko ninavyowapikia Wazungu. Mwalimu anayekusomea barua hii namsalimu, na namwomba asiruke neno hata likiwa kali.

Barua yako nimeipata. Niliposikia kwamba mdogo wangu Eliya anampimia mkewe chakula kwa mizani ya barua ya ofisini, nilicheka. Nilipofika pale uliposema maziwa ya Lidia yamepungua na mtoto analia mchana kutwa, kicheko kikanikauka. Lo! Mtoto wa miezi minne! Na yote kwa sababu gauni alilomnunulia dukani Njombe halifungi mgongoni. Mtu mwenye akili hupeleka gauni kwa fundi likaongezwe. Karani wetu anampunguza mwenye gauni! Ndiyo elimu tuliyomsomesha hiyo.

Sasa nikiri kosa langu. Ile karatasi ya kalori niliituma mimi. Memsahibu wangu, mke wa meneja, aliitupa ilipochanika, nami nikampelekea Eliya ajizoeze Kiingereza. Nilidhani atajifunza maneno, kumbe amejifunza ujinga.

Kalori, mama, wanasema ni nguvu iliyomo ndani ya chakula, na kila chakula kina hesabu yake. Ukila hesabu ndogo, unapungua mwili. Haya, memsahibu amehesabu tangu masika. Asubuhi anapima kipande cha mkate, yai moja, chungwa, anaandika daftarini kama karani wa ghala. Ikifika saa nne huyo jikoni. "Yohana, naonja tu." Anaonja samaki wa nazi kijiko kimoja, cha pili, cha tano, kisha anakwangua sufuria kwa mkate. Hayo hayaandikwi, maana eti kuonja si kula! Juzi alinisimamisha mbele ya mumewe akadai namtilia siagi kwa siri, ndiyo maana hapungui. Kazi naitaka. Moyoni nilisema, bibi wee, mchawi wako ni mdomo wako.

Labda yuko mnene mmoja mahali, mzima wa afya, anaandika kila anachotia mdomoni, na hesabu imemfaa. Mimi sijamwona. Na hata akiwapo, je, ananyonyesha? Anashika jembe kama Lidia? Memsahibu akibanwa na njaa ana mahali pa kuonja. Lidia akiingia jikoni kwake mwenyewe, mume amesimama mlangoni na mizani.

Kwetu hata mgeni usiyempenda humhesabii matonge. Marehemu baba alikuwa mkali, fimbo zake nazikumbuka, lakini watu wakila nyumbani kwake aligeuza uso pembeni, asije mtu akadhani anahesabiwa. Eliya alikuwapo, aliona. Leo anamhesabia mama wa mwanawe! Viazi viwili na kikombe cha uji, kwa mwanamke anayenyonyesha! Aibu gani hii? Nikiwaza naona haya kuitwa kaka yake.

Basi mama, Jumatatu panda lori pale Makambako uende Njombe. Usimpelekee Eliya habari kwanza, atakutungia maneno ya ofisini. Mchukue Lidia na mtoto, uwalete nyumbani, umpikie uji wa ulezi, maharage, maboga, na yule kuku mwekundu mchinje. Ale mpaka aseme mwenyewe basi. Eliya akiuliza nani ameruhusu, mwambie ameruhusu yule aliyemnyonyesha yeye miaka miwili bila daftari. Gauni nalo lichukue, shangazi wa Lyamkena atalitia kipande mgongoni.

Nisalimie shangazi huyo, na mzee wa kanisa jirani yetu, na dada yangu mkubwa Tabita pamoja na wanawe wote. Lidia mwambie shemeji yake anamwomba radhi kwa ile karatasi, na asione haya kula.

Eliya simsalimu. Salamu yake naiacha mikononi mwako, umpe siku ile mtoto atakapolala ameshiba.

Ni mimi mwanao, mpishi wa watu wanaoogopa chakula,

Yohana