Sinia la Mama Juu ya Kioo

Mtaa wa Tatu Magharibi,
Wilber, Nebraska.
15 Desemba 2019

Mpendwa kaka Duane,

Habari za huko kisiwani Kodiak? Mgongo wako unaendeleaje, na mkeo Shirleen kikohozi kimemwachia? Sisi hatujambo, ila theluji imewahi mwaka huu na mume wangu Rollie ananung'unika kila akishika koleo, utadhani alizaliwa jangwani.

Jana nilioka kolache, vile vimkate vitamu vyenye plamu katikati. Nyumba nzima ikanukia utoto wetu, nikakukumbuka hadi nikashindwa kula. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia simu. Kwenye simu ungenikatiza kwa mizaha yako.

Unajua kwamba kiwanda nilichofanyia kazi kilipofungwa nilijiandikisha chuoni nisomee uuguzi, kwa umri huu. Nisichokuambia ni kwamba aljebra ilikaribia kunitoa chuoni. Ukiifeli, nafasi yako ya uuguzi anapewa mwingine, na wanaoingoja ni wengi.

Siku hizi kazi za nyumbani hazifanywi kwenye karatasi. Zimo kwenye programu ya kompyuta. Unaandika jibu, papo hapo inakuambia umepata au umekosa, na ukikosa inakuletea swali lile lile kwa namba nyingine. Pembeni kuna kitufe cha kukuonyesha mfano, hatua kwa hatua. Nilikipenda kitufe kile, Duane. Nakibonyeza, nafuata mfano, nabadilisha namba, napata. Kila wiki alama zote. Rollie akabandika matokeo kwenye friji kama ya mtoto wa darasa la kwanza.

Mtihani wa kwanza tukaufanyia chuoni. Programu ile ile, kitufe hakipo. Nilifeli vibaya. Mwalimu wetu, Bi. Teague, ambaye ningeweza kumzaa, alinivuta kando akaniuliza taratibu, "Bi. Lorna, kule nyumbani hesabu unafanya wewe, au unafanyiwa na mfano?"

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nakuwaza wewe. Ile meza ya jikoni, Mama anakanda unga, nawe umetoka kukamua ng'ombe, bado unanuka maziwa. Nikichungulia mfano kitabuni, unachukua sinia la bati la Mama unaufunika. Nikilalamika unasema, "Mfano hauingii na wewe kwenye mtihani, we mtoto. Sinia litaondoka ukimaliza." Nilikuchukia jioni zile. Leo ningetoa chochote nipate moja tu.

Na wewe mwenyewe ulikuwa umeshaacha shule, tangu Baba alipoumia. Ulikuwa unakisoma kitabu changu kwa siri ghalani ili uweze kunifundisha. Ulidhani sijui.

Basi nikalitoa sinia la Mama kabatini, nikaliegemeza kwenye kioo cha kompyuta, upande wa kitufe. Rollie akauliza kama sasa naoka hesabu. Alama zikaporomoka, akabandua karatasi kwenye friji. Sinia sikuliondoa. Nikawa nakosea, nafuta, nakosea tena, kama zamani.

Alhamisi tulifanya mtihani wa mwisho. Nimefaulu, kaka. Si kwa kung'ara, lakini nafasi yangu ya uuguzi ninayo. Nililia ndani ya gari hadi vioo vikaingia ukungu.

Sasa nisikilize. Programu ile niliyoitukana msimu mzima ina jema moja: haijali mtu yuko wapi. Nimemuuliza Bi. Teague, naye kasema hata aliye Kodiak anaweza kusoma aljebra kwenye chuo chetu, na kile cheti cha sekondari ulichokifanyia mtihani ukubwani kinatosha kukuingiza. Darasa linaanza Januari. Shirleen ameninong'oneza kwamba watoto wa watu wakionyeshwa kwenye televisheni wamevaa majoho ya kuhitimu, wewe unatoka nje. Usimgombeze. Alinieleza kwa sababu anakupenda, nami nimeumia kusikia.

Rollie anakusalimu sana. Shangazi Ludmila kila Jumapili anauliza utarudi lini, nami nimechoka kumdanganya. Nisalimie Shirleen na mwanenu Troy. Mungu awakinge na baridi ya huko na awaweke salama hadi tuonane.

Kolache zimo humu kwenye kifurushi. Mkishazila, chini yake utalikuta sinia la Mama. Sasa ni zamu yako kufunikiwa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye tangu meza ile,
Lorna