Pete Zisizo na Zebaki

Mzee Hasanali,

Shikamoo. Nimekaa kwenye kiti chako, maana changu kimevunjika mguu na sijapata nafasi ya kukitengeneza. Mama Zehra yuko mbele anafuta vioo vya kabati. Wateja hawajaanza kuingia, nikaona nikuandikie kabla sijawasha moto. Mengi yametokea tangu tukuzike, na ningependa uyasikie kwangu.

Kwanza, duka halijafungwa. Hapa Geita walishasema sonara amekufa na usonara wake umekwisha, na kwamba mjane atauza vifaa arudi kwa ndugu zake Mwanza. Arobaini yako ilipopita, Mama Zehra alifungua mlango mwenyewe, akaniambia, "Kabula, kaa kazini." Basi nikakaa.

Mzee, lazima niseme habari ya mikono yako. Ulipokuwa hai hatukuizungumza. Mwaka ule wa mwisho mimi ndiye niliyekuwa nashika koleo, wewe ukinielekeza kwa mdomo. Ukitaka kunywa chai ulisubiri nigeuke, nisione kikombe kinavyocheza. Siku niliyokusindikiza hospitali, daktari alikuuliza kazi uliyofanya ujanani. Ukamweleza jinsi ulivyonunua dhahabu mbichi kwa wachimbaji na kuchoma zebaki waliyoinasia nyuma ya duka, kwenye jiko la mkaa, mlango umefungwa ili upepo usisumbue moto. Akasema moshi ule ndio uliokuharibu. Tulipofika nyumbani ukasema, "Hakuna aliyetuambia."

Mimi nimeambiwa, Mzee. Ndiyo sababu nilifanya nililofanya.

Machibya alikuja, yule broka aliyetuletea dhahabu kutoka Nyarugusu miaka yote. Alikuwa na donge lake la kijivu, bado limejaa zebaki, akapita moja kwa moja uani kuwasha jiko kama alivyozoea. Nikamfuata. "Kaka Machibya, hapa hatuchomi tena." Akacheka. Akaniuliza tangu lini mfagia vumbi la dhahabu amekuwa bosi. Nikalibeba lile jiko, nikalitoa nje ya geti. Mama Zehra alikuwa amesimama mlangoni, nikajua sasa nitagombezwa. Alimtazama Machibya tu, akasema, "Umemsikia."

Akaondoka akisema tutamtafuta wenyewe. Hakukosea sana. Tulikaa muda mrefu bila dhahabu. Kazi yangu ikawa kuunga mikufu iliyokatika na kunyoosha hereni. Masonara wenzetu wakawa wanawaambia wateja kwamba Kabula siku hizi anauza mahubiri. Mama Zehra hakulalamika hata mara moja, ila niliona chungu chake cha jikoni kinazidi kuwa chepesi.

Ndipo akaja Neema na mchumba wake. Neema ni mwalimu wa sekondari kule Kharumwa, walitaka pete za ndoa. Hakuanza na bei. Aliniuliza, "Dada, dhahabu yenu inatoka wapi? Imesafishwa kwa kitu gani?" Wewe miaka yako yote uliulizwa uzito, ukaombwa punguzo. Nani aliwahi kukuuliza ilikotoka? Akanieleza kwamba amekulia karibu na mwalo wa kuchenjulia dhahabu, pale wanapoiosha kwa zebaki, amekunywa maji ya kijito cha pale, na hataki kuvaa kidoleni kitu kilichoyachafua. Nikamwambia ukweli: dhahabu ya namna hiyo sina. Kwa kweli sina dhahabu yoyote.

Mama Zehra alikuwa anasikia. Akavua bangili moja kati ya zile ulizomtengenezea mlipooana, akaiweka mezani.

"Yeyusha hii."

"Mama, hii ni kazi ya Mzee."

"Ni yangu. Aliyeolewa nayo ni mimi, si wewe. Washa moto."

Unamjua akisema hivyo. Neema naye akasema dhahabu ya zamani ikifanyiwa kazi upya haimwagi zebaki mpya mahali popote, anaipokea kwa mikono miwili. Nikawasha. Yale maua madogo uliyochonga pembeni yalipoanza kulegea ndani ya chungu cha kuyeyushia, nililia. Mzee, nililia mpaka sikuona. Nikafuta macho nikaendelea, kwa sababu ulinifundisha dhahabu ikishaiva haimsubiri mtu.

Pete zilitoka nzuri. Ungezikagua mara tatu halafu ungesema "siyo mbaya", na mimi ningefurahi wiki nzima.

Walimu wenzake Neema waliziona harusini, wakaanza kuja. Wengine walileta hereni na vidani vya bibi zao tuvifanye upya. Wengine walitaka dhahabu mpya lakini wakiwa na swali lile lile. Sikuweza kuendelea kumvua Mama Zehra bangili. Nikapanda bodaboda mpaka Nyarugusu.

Kule kuna kikundi cha akina mama wanaosafisha mchanga wa dhahabu. Kiongozi wao ni Mama Limi, Msukuma mwenzangu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Nilimsalimu "Mwangaluka, mayu," akanikaribisha kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilipomwambia nimekuja kununua dhahabu isiyopitia zebaki, akanionyesha karai lake. "Bila zebaki tunabaki na mchanga mweusi. Tutakula mchanga?"

Nikatoa boraksi kwenye mkoba, ule unga mweupe tunaonyunyizia tunapoyeyusha. Nilikuwa nimesikia kwamba wachimbaji wengine wanautumia kutenga dhahabu na mchanga, lakini mwenyewe sikuwahi kujaribu. Tukagawa mchanga wao nusu kwa nusu. Nusu moja baadhi yao wakaifanya kwa zebaki, mbali na sisi, nyingine nikabaki nayo. Mara ya kwanza nilishindwa. Kilichotoka ni kipande cheusi kama kioo cha chupa, na dhahabu imenaswa humo ndani. Akina mama wakaanza kuinuka, mmoja akafunga kitenge akasema ana maharage jikoni. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama Limi hakuinuka. "Rudia," akasema. "Umetoka mjini kwa ajili ya hili."

Nikauponda ule weusi, nikauosha upya taratibu, maji kidogo kidogo, mpaka karibu mchanga wote ukaondoka. Nikaongeza boraksi, nikapuliza moto. Safari hii likabaki tone moja la njano chini ya chungu. Tukapima pande zote mbili. Langu halikuzidi sana, lakini halikupungua. Mama Limi aliliweka kiganjani, akaligeuza kwa kidole. Kisha akasema, "Mwanangu mdogo ninamnyonyesha nikitoka kwenye zebaki. Kumbe sikulazimika."

Sasa wanatuuzia wao, kwa kupitia soko la madini kama sheria inavyotaka. Kazi yao ni ya polepole, dhahabu ni kidogo, na pete zetu ni ghali kuliko za jirani. Wako wateja wanaotoka wakisonya. Wako wanaorudi. Juzi mwenye duka mmoja wa Mwanza alituma mtu kuulizia kama tunaweza kumpatia hereni, mradi tumweleze zilikotoka. Mama Zehra alimjibu kwamba tutampeleka akaone mwenyewe.

Nina jambo moja la mwisho. Wachimbaji wanaume wanaoshuka kwenye mashimo ya jirani, yale maduara, wamesikia habari ya Mama Limi, wameomba niende Jumamosi nikawaonyeshe. Nimeambiwa wengi wanakuja kucheka. Machibya naye atakuwepo, amesema anataka kuona mwanamke akigeuza mchanga kuwa dhahabu. Ninaogopa, sitakuficha. Naweza kushindwa tena, safari hii mbele ya wanaume wanaonisubiri nishindwe.

Lakini nitakwenda. Nikishindwa, nitarudia pale pale, wakicheka. Nakuahidi, Mzee, wakiniita tena nitakwenda, na wasiponiita nitajipeleka. Mtu yeyote wa Nyarugusu atakayeendelea kuchoma zebaki, asije kusema hakuna aliyemwambia.

Mungu akurehemu, mwalimu wangu. Mteja ameingia. Acha nimsikilize.

Kabula wako