Magesa wa Kwenye Jiwe

Jumanne, Musoma

Na bado nilikosea kwenye habari yangu ya gazeti, ingawa nililinganisha majina yote ya kwenye jiwe na orodha ya jeshi, moja baada ya jingine.

Asubuhi tulikuwa Nyegina, kwenye jiwe la vijana wa kata waliofia katika vita vya Kagera. Ofisa wa jeshi aliposoma "Magesa", mvuvi mmoja nyuma yangu akaitikia, "Nipo, afande!" Watu wakacheka. Mama yake hakucheka.

Mvuvi huyo ndiye Magesa mwenyewe; aliyekufa ni mdogo wake, Mafuru. Aliacha shule darasa la tano, akajiandikisha jeshini kwa cheti cha kaka yake cha darasa la saba. Miaka yote hii familia imenyamaza, mama akiogopa Magesa atafungwa.

"Mwanangu," mama akaniambia, "huyu anakulaga ugali wangu kila siku. Andika yule ambaye hakurudi."

"Mama, jeshi linamjua Magesa," ofisa akasema.

"Basi jeshi lije linizike," Magesa akamjibu. "Cheti nilimpa mimi mwenyewe."

Ofisa akamwambia afike ofisini kesho. Ni kwa ajili ya kurekebisha jiwe, au kwa ajili ya cheti? Nilimuuliza mara mbili, akaendelea kusoma majina.

Hilo linanisumbua. Nikimtaja Mafuru, nimelitangaza na kosa la kaka yake. Nilimwambia Magesa hivyo.

"Andika," akasema.

Habari imeondoka saa kumi, ina jina la Mafuru. Mhariri akiuliza nimeipata kwa nani, nitamjibu: kwa marehemu aliye kwenye orodha.