Kaya ya Watu Wawili

Mjukuu wangu Keza,

Hujambo huko Dodoma na masomo? Sisi huku Niboye tuko salama, ingawa kusema "sisi" ni mazoea tu tangu bibi yako atangulie. Mama yako hupita Jumapili akitoka kanisani, halafu huwahi kuondoka.

Umeniuliza kama katika miaka yote niliyofundisha na kuandika kuhusu sera za umma kuna kosa ninalolijutia. Lipo moja, na usinicheke, ni dogo.

Nilikuwa kijana, nakusanya data ya shahada ya pili kuhusu sera ya matunzo ya wazee. Katika kijiji kimoja nilimkuta bibi mmoja mzee, akanipa kigoda, akabandika chai. Nikafungua dodoso, nikamuuliza, "Kaya hii ina watu wangapi?"

"Wawili."

"Mwingine yuko wapi?"

"Si wewe hapo umekaa?"

Nikacheka, nikaandika mmoja. Nilimaliza maswali kabla maji hayajachemka, nikaaga, maana kaya nyingine zilikuwa zinanisubiri. Tasnifu ile ndiyo iliyonipa kazi chuoni, na walimu wangu waliisifu sana. Jibu la yule bibi halimo.

Juzi alikuja hapa binti wa utafiti, kashika tableti, hataki hata kukaa. "Muzehe, hapa iko watu wangapi?"

Nilimwambia nitamjibu chai ikiiva.

Babu yako