Ratiba ya Binti Yangu

Jumapili, 3 Machi

Binti yangu,

Hujambo? Marahaba nimeshaitikia kabisa, maana najua utasahau shikamoo kama ulivyosahau mwezi uliopita. Mimi mzima, isipokuwa masikio. La kulia limefunga duka, la kushoto linafungua likitaka. Kwenye simu nasikia "vrrr" tu, kama natongozwa na nyuki. Ndiyo maana nakuandikia.

Jirani amekupigia mara tatu kwa niaba yangu. Asubuhi umelala. Mchana uko redioni. Jioni akapokea mtu mwingine, eti simu umeiacha mezani gazetini. Mwanangu, hiyo ni kazi au unakimbizwa? Miaka thelathini na moja nimesimamia walinzi kiwandani, nimepanga zamu za watu arobaini, na kila mke alijua mumewe atarudi saa ngapi. Niletee ratiba yako niibandike ukutani. Nataka kujua saa za kuwa na wasiwasi na saa za kulala, basi.

Baba yako

Jumamosi, 9 Machi

Shikamoo baba,

Na ya mwezi uliopita nayo ipokee. Afya yangu nzuri, ila usingizi ndio wa kuokoteza.

Ratiba ipi, baba? Mwandishi wa kujitegemea hana ratiba, ana simu. Jumatatu nimeingia redioni alfajiri, saa sita gazeti likaniita nimshikie mgonjwa zamu. Jumanne nikajiandaa kwenda, wakasema usije. Nguo nimeloweka Jumapili, leo bado ziko kwenye beseni na zimeanza kunuka. Jana nimepiga mswaki kwenye choo cha redio.

Kuna jambo sikutaka kukuandikia. Nachunguza ghala moja la dawa. Dawa za watoto zilizokwisha muda zinabanduliwa lebo na kubandikwa nyingine zenye tarehe mpya. Picha ninazo, nasubiri shahidi mmoja akubali kutajwa. Tangu nianze kuulizauliza, kuna mwanamume anashinda kwa fundi viatu mbele ya geti langu, na hana kiatu cha kushona. Anakaa, anachoka, anaondoka, kwa sababu hata mimi sijui nitatoka saa ngapi. Vurugu hii unayoilalamikia ndiyo inayonilinda. Niachie hivyo hivyo.

Mwanao

Jumatano, 13 Machi

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi barua yako imenifanya niiache chai ikapoa, nikaiweka tena jikoni, ikaungua.

Sikiliza mtu wa kazi hii. Kuna mlinzi wangu alipigwa na wezi tukampata baada ya saa tisa kupita, kwa kuwa hakuna aliyejua alikuwa lindo gani. Tangu siku ile nikaanzisha karatasi ya ukutani. Mtu akijua ulipaswa kuwa wapi, atakutafuta. Wewe ukipotea mimi nitaanzia wapi? Tangu mama yako atutoke sina mwingine. Sikuamrishi, nakuomba.

Baba yako

Jumatatu, 18 Machi

Shikamoo baba,

Haya, umeshinda. Bahati nzuri redio wamenipa zamu za wiki nzima ijayo, jambo la ajabu. Nimekuandikia zote kwenye karatasi ya nyuma: saa ya kuingia, ya kutoka, na mlango. Ukiona Alhamisi, natoka saa kumi na mbili asubuhi kwa mlango wa nyuma, upande wa maegesho.

Iwe yako peke yako, baba. Tafadhali.

Mwanao

Jumamosi, 23 Machi

Binti yangu mpendwa,

Hali yako? Mimi leo nina furaha. Ratiba iko ukutani, na wiki ijayo nitalala kama mtoto.

Hutaamini nani alinitembelea jana. Kaptula! Yule mlinzi wangu wa geti la pili, aliyekubeba mabegani siku za sikukuu za kiwanda. Amenenepa, ana gari. Alikuulizia wewe kuliko alivyoniulizia mimi. Ana binti anayetaka uandishi, akaomba amlete akuone ukitoka kazini. Nikamwambia ratiba ya mwanangu ni siri. Akacheka, "Mzee, hata kwangu?" Kwa kweli niliona aibu. Kaptula si mtu wa nje, ni wa nyumbani. Nikamnakilia kwa mwandiko wangu mzuri, na milango nikaipigia mstari asipotee.

Usikasirike. Mpokee vizuri huyo mdogo wako.

Baba yako

Ijumaa, 29 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeikuta leo mapokezi redioni. Nimechelewa kwa siku moja.

Jumatano mchana nilibadilishana zamu na dada wa habari za michezo. Yeye akakaa kwenye kiti changu, akatoka jana saa kumi na mbili asubuhi kwa mlango wa nyuma. Walikuwa wanamsubiri wanaume wawili. Wamemvunja taya na mkono, wamechukua begi. Hawezi kusema, ameniandikia kwenye kikaratasi: waliuliza picha za ghala ziko wapi, na wakamwita kwa jina langu.

Ofisini kila mtu alijua nimebadilisha. Karatasi iliyoniweka mimi pale mlangoni ilikuwa moja tu duniani, na nakala yake.

Nimekukasirikia, baba, nisikudanganye. Nimelia, kisha nikakuonea huruma, kisha nikakasirika tena. Ana watoto wawili, yule dada. Nimehama. Sitakuambia wapi wala nafanya kazi saa ngapi. Ukiandika, pitishia kwa shangazi.

Mwanao

Alhamisi, 4 Aprili

Mwanangu,

Sina uso wa kukuuliza hali. Mwambie huyo dada kwamba mzee mpumbavu anamwomba radhi, na nitakuja kumwomba mwenyewe nikijaliwa.

Kaptula amerudi juzi. Amekaa kwenye kiti kile kile, akanywa chai yangu. Akaniambia, "Mzee, Alhamisi binti yangu alimkosa dada yake. Kwani amebadilisha zamu?" Nikamtazama usoni. Nikamwambia ngoja nitafute karatasi mpya.

Polisi nilikwenda siku niliyopata barua yako. Waliniambia nilete ushahidi. Basi nakwenda kuuchukua. Kwenye karatasi hiyo nimemwandikia Kaptula kwamba kesho Ijumaa, saa moja asubuhi, utakuwa kwenye kiwanda chetu cha zamani, peke yako, ukipiga picha geti la pili. Pale sasa hakuna kitu, majani tu. Nitatangulia mimi. Jirani ameniazima simu yake ya pili na kunifundisha kupiga picha, nimeshampiga yeye na mbuzi wake. Nataka sura za hao wanaume, na namba ya gari lao. Nimewaambia wenzangu wawili wa zamani waje. Mmoja amekataa, mwingine hajajibu.

Naogopa, mwanangu, nisikufiche. Lakini lindo hili nililiacha wazi mimi.

Barua naiposti leo. Itamfikia shangazi yako Jumatatu, kwa hiyo usihangaike kunizuia. Ukiisoma, mpigie jirani umuulize kama nimerudi.

Baba yako